Neno la Mzee Mbele ya Semina

Karibu yote ambayo binadamu anayajua kuhusu nyakati zilizopita ameyapokea kwa mtu mwingine, na kwa sababu hiyo swali la iwapo habari iliyopokewa ni elimu, au ni dhana tu inayosubiri uthibitisho, linaihusu dini na linaihusu taaluma ya historia kwa uzito ule ule. Mtakatifu Augustino, mwanateolojia wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alionyesha kwamba hata kumjua baba ni kusadiki neno la mama, na kwamba watu wakikataa kusadiki lolote wasiloliona kwa macho yao, jamii yao haitasimama. Wanazuoni wa Kiislamu nao, walipokuwa wakizikusanya hadithi za Mtume, walijenga elimu nzima ya kuipima habari: kwanza kwa sanadi, yaani mlolongo wa watu walioipokezana, kisha kwa matini, yaani maneno yenyewe yaliyopokewa. Swali hili huonekana la vitabuni mpaka linapomfika kijana aliyelelewa Kilwa Kivinje, Kipatimu, Liwale au Lindi mjini, akaingia katika semina ya historia ya chuo kikuu.

Semina ni darasa dogo ambamo mwanafunzi huandaa makala, huyasoma mbele ya wenzake na mhadhiri, kisha huulizwa amelijuaje kila jambo aliloliandika. Katika mhadhara mwanafunzi anaweza kukaa nyuma na kunakili. Katika semina hana pa kujificha, kwa kuwa kila mtu aliyeizunguka meza ana haki ya kumtaka ushahidi. Kwa wanafunzi wengi hilo ni jaribio la akili na la kujiamini. Kwa huyu wa mwambao wa kusini huwa pia ni jaribio la adabu, kwa maana mara nyingi jibu la kweli ni kwamba jambo hilo aliambiwa na babu yake, na kumtia babu katika mizani mbele ya watu kunafanana na kumvunjia heshima. Hoja itakayotetewa katika insha hii ni kwamba kumchunguza msimulizi si kumvunjia heshima hata kidogo, lakini iko namna moja ya kuandika, iliyozoeleka sana katika semina, ambayo humvunjia heshima kwa siri huku ikijidai haina upande.

Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1964, chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na profesa wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger. Pamoja naye, na baada yake, walifundisha Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Walter Rodney, watu waliotofautiana kwa mengi ila waliafikiana kwamba Mwafrika ni mtendaji katika historia yake mwenyewe na kwamba kumbukumbu ya wazee ni chanzo cha elimu. Msimamo huo wa pili ulikuwa umepata nguvu kutokana na kitabu cha Jan Vansina cha mwaka 1961, kilichotoa kanuni za kuyapima mapokeo ya mdomo kama nyaraka zinavyopimwa. Mwaka 1968 idara ilifanya jambo ambalo vyuo vichache vilikuwa vimelijaribu: iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini wakawahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na makala yao yakakusanywa mwaka uliofuata. Vijana wa miaka ishirini na kitu, ambao wengi wao walikwenda katika maeneo ya kwao, waliketi mbele ya watu walioiona vita hiyo wakiwa watoto au wapiganaji.

Vita yenyewe ilianzia katika nchi ya Wamatumbi, katika Wilaya ya Kilwa ya leo, pale Nandete, ambako mwezi Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu na utawala wa Kijerumani. Lakini kabla ya pamba kung'olewa palikuwa na neno lililosafiri kutoka Ngarambe, upande wa kaskazini-magharibi mwa Umatumbi, neno la Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alilieleza hili kwa kina, kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo akazama katika kidimbwi cha maji, ndugu zake wakamtafuta wasimpate, kisha akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutoa maji ambayo yangewakinga watu na risasi. Wajerumani walimnyonga mahali paitwapo Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Hapo ndipo mwanafunzi anapokwama. Ana mbele yake ushuhuda ambao mambo yake ni ya aina mbili. Kwamba Kinjikitile alikuwepo, kwamba watu walimiminika Ngarambe, kwamba alinyongwa, ni mambo ambayo semina inayapokea bila shida. Kwamba alitoka majini akiwa mkavu ni jambo ambalo semina haijui ilitie wapi, ingawa limetoka katika vinywa vile vile, kwa sauti ile ile, na pengine kwa uhakika mkubwa zaidi. Njia ya kutokea ambayo mwanafunzi hufundishwa, au hujifunza mwenyewe kwa kusoma makala ya waliomtangulia, ni kuandika kwamba wazee waliamini kuwa Kinjikitile alizama na kutoka mkavu. Kitenzi hicho kinasuluhisha kila kitu kwa haraka. Mhadhiri anaridhika, wenzake hawana la kuuliza, na mwanafunzi mwenyewe hajasema uongo.

Ila sentensi hiyo haikosi upande. Mwanafunzi huyo huyo haandiki kwamba wazee waliamini kuwa pamba iling'olewa. Anaandika kwamba pamba iling'olewa. Kwa hiyo neno lao limegawanywa mafungu mawili, fungu moja likawa elimu ya mwandishi na jingine likawa tabia ya wasimulizi, na mgawanyo huo haukutokana na kuwapima wasimulizi hata kidogo. Umetokana na mwandishi kujua, kabla hajafungua daftari, ni mambo gani yanaweza kutokea duniani na ni yapi hayawezi. Pengine anajua kwa haki. Lakini hakusema kwamba anajua, wala hakueleza amejuaje, na swali ambalo semina humuuliza kila mtu hapo ndipo ilipolisahau.

Inafaa kukumbuka kwamba kuihoji habari si kitu kilicholetwa mwambao na chuo kikuu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inawaamuru waumini waichunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla hawajatenda kwayo, na juu ya agizo la namna hiyo ilijengwa elimu ya kuwatia wapokezi dosari au kuwathibitisha, ambayo huuliza kumbukumbu ya mpokezi ilikuwaje, alikutana kweli na yule anayempokea, alikuwa na maslahi gani. Kijana aliyesoma darsa kwa sheikh wa Kilwa Kivinje na baadaye akakaa katika semina ya Dar es Salaam amekutana na maswali ya jamaa moja. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, alikwenda mbali zaidi akasema kwamba katika habari za matukio uadilifu wa mpokezi hautoshi, na kwamba kwanza lazima iulizwe kama jambo lenyewe linaelekea kuwezekana kwa tabia ya maisha ya jamii. Kwa kipimo hicho alizikataa hesabu za majeshi makubwa kupita kiasi ambazo wanahistoria waliomtangulia walizinakili bila kufikiri.

Mwaka 1748 David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, naye alidai kwamba ushuhuda upimwe kwa uwezekano wa jambo linaloshuhudiwa, akahitimisha kwamba hakuna ushuhuda uwezao kuuthibitisha muujiza, kwa kuwa siku zote kosa au uongo wa shahidi utakuwa jambo jepesi zaidi kusadiki. Kwa juu juu watu hawa wawili wanasema kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Ibn Khaldun, aliyekuwa mkali kwa hesabu za majeshi, aliandika kwa uzito mkubwa juu ya utume, ndoto na mambo ya ghaibu, yaani mambo yaliyofichika kwa hisia za binadamu, kwa sababu katika orodha yake ya mambo yawezayo kuwa hayo yalikuwemo. Wote wawili walichunguza. Kilichowatenga ni orodha ambayo kila mmoja alikuja nayo. Na orodha hiyo haipatikani katika nyaraka za Kilwa wala katika shuhuda za Wamatumbi. Mtu huja nayo mezani, akiwa Mwislamu, Mkristo, mfuasi wa mizimu ya kwao au asiye na dini.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika historia ya Kilwa Kisiwani yenyewe. Habari za kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni tarihi ya Kiarabu iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo nakala yake ya karne ya 19 ilifika Uingereza kupitia kwa John Kirk na kuchapishwa mwaka 1895. Mtunzi wake aliahidi milango kumi lakini inayosomeka leo ni saba tu. Ya pili ni muhtasari ulio katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552, miaka 47 baada ya kikosi cha Francisco de Almeida kuuteka mji huo. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa zama za Wajerumani na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Tarihi ya Kiarabu na masimulizi ya Kiswahili yanaafikiana kwamba mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nayo tarihi inasema nguo hizo zilitosha kukizunguka. Yanaafikiana pia kwamba mwenye nchi alihamia bara, na kwamba wageni walihofia kuwa angerudi kuwapiga maji yakipwa, kwani wakati huo watu waliweza kuvuka kwa miguu.

Wakati wa kueleza jinsi njia hiyo ilivyokatika ndipo masimulizi yanapoachana. Tarihi ya Kiarabu inasema wageni waliuchimba mkono wa bahari, maji yakajaa na yasikauke tena. Masimulizi ya Kiswahili yanasema walitoa sadaka na kusoma Kurani, na bahari ikaacha kupwa kiasi cha kuvukika. Mwanafunzi akiyaweka yote mawili mezani, semina nyingi zitaelemea upande wa kuchimba bila mjadala, na zitayaweka yale ya kisomo katika sura inayohusu imani za watu. Sababu itakayotolewa ni kwamba andiko la Kiarabu ni la zamani zaidi, na kweli ni la zamani zaidi. Lakini mtu aliyesimama gatini Kilwa Masoko akautazama mlango ule wa bahari, bandari ya asili ambayo vina vyake viliwavuta manahodha kwa karne nyingi, atajiuliza watu wachache waliotoka merikebuni wangeuchimba kwa majembe gani na kwa miaka mingapi. Maelezo ya kuchimba yamepita kwa sababu yanafanana na maelezo ya kawaida, ilhali kwa kipimo cha Ibn Khaldun yenyewe hayasimami vizuri. Yamepewa hadhi ya jambo linalowezekana kwa kuwa tu hayana kisomo ndani yake. Pengine mwanafunzi anayeligundua hilo mwenyewe, akiwa na ramani ya bahari mkononi, amejifunza historia zaidi ya yule aliyekariri orodha yote ya masultani.

Lindi nayo ina kisa kinacholipeleka swali hili mahali pagumu zaidi. Mwaka 1908, Maji Maji ikiwa imezimwa mwaka mmoja tu nyuma, ilienea katika mji huo barua iliyodaiwa kutoka Hijazi. Ndani yake mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, alisema amemwona Mtume ndotoni, akaagizwa awaonye Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na kwamba watubu. Watu walijaa misikitini, na maofisa wa Kijerumani, waliokuwa bado na hofu ya 1905, waliona ni uchochezi wa vita mpya. Wakakamata watu, na wakamtuhumu Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, aliyewahi kupigana na majeshi ya Wabelgiji katika miaka ya 1890, kwamba mkono wake umo. Tukio hilo likaitwa mambo ya Barua ya Makka.

Kwa mwanafunzi Mwislamu barua hii ni ngumu kuliko kidimbwi cha Ngarambe. Kinjikitile anaweza kumweka mbali naye. Ndoto ya kumwona Mtume hawezi, kwa kuwa katika itikadi yake jambo hilo linawezekana. Pia anafahamu kwamba barua yenyewe ni ya kutungwa. Barua ya Sheikh Ahmad ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi nyingine za Kiislamu, na Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje aliiandikia makala mwaka 1884 kutokana na nakala za visiwa vya Java na jirani zake. Baadaye sana, katika karne ya 20, Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika kuikanusha, kwa hoja kwamba msimulizi hajulikani na kwamba yaliyomo yanapingana na sharia. Yaani mwanachuoni wa dini aliikataa barua bila kuikataa ghaibu. Yeye naye alipima, na orodha yake ya mambo yawezayo kuwa haikubadilika. Alichokikuta pungufu ni sanadi na matini.

Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba semina haimlazimishi muumini achague kati ya uchunguzi na itikadi yake, na waalimu wanaomtaka aiache dini mlangoni wanamwomba kitu ambacho kazi haikihitaji. Bado, baada ya barua kuthibitika kuwa ya uongo, kazi ya mwanahistoria haijaisha, maana toba iliyotokea Lindi haikuwa ya uongo. Watu wa kweli, wengi wao wakiwa wametoka katika njaa na mauaji ya vita, walisoma neno la kutungwa wakabadilisha mwenendo wao. Ofisa aliyeandika ripoti aliona njama. Na ripoti yake, kwa kuwa ina muhuri na tarehe, mara nyingi huingia katika makala ya wanafunzi bila kuulizwa sanadi yake. Anayemhoji mzee wa Kimatumbi kwa ukali na kumpokea ofisa wa Lindi kwa upole hajafuata kanuni yoyote. Inatosha kuangalia hesabu ya waliokufa katika Maji Maji: taarifa rasmi ya Kijerumani ilisema 75,000, na Gwassa, aliyewasikiliza wazee na kuzingatia waliokufa kwa njaa, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Badala ya kusema wazee waliamini, iko njia ambayo wanazuoni wa hadithi na wa misingi ya sharia waliizoea, nayo ni tawakufu, yaani kusimama na kuizuia hukumu pale ambapo hoja za kukubali na za kukataa hazijatosha. Tawakufu ni tofauti na kukanusha, na ni tofauti pia na kukubali kwa heshima ya usoni. Mwanafunzi anayeifuata ataandika kwamba wasimulizi walieleza Kinjikitile alitoka majini akiwa mkavu, atataja waliipokea kwa nani na kama walikuwepo, atasema wazi kwamba kipimo chake cha jambo liwezekanalo ni hiki au kile, kisha atasimama. Msomaji ataona mahali ushahidi ulipoishia na mahali mwandishi alipoanza. Katika sentensi ya zamani mpaka huo ulikuwa umefunikwa.

Pingamizi kubwa ni kwamba tawakufu inaweza kuwa maficho ya uvivu, au ya woga wa mwanafunzi asiyetaka kuwaudhi wa nyumbani wala mhadhiri. Pingamizi hilo lina nguvu, na jibu lake ni kwamba anayesimama awajibike kueleza anasubiri nini. Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa katika mwambao huu wa kusini mwaka 1943, aliichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, mwaka ule ule ambao makala ya wanafunzi wa Maji Maji yalikusanywa, akatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Mhusika huyo mwishoni anakataa kuyakana maji ingawa ana mashaka nayo, kwa kuwa anajua neno lake litafika kwa wajukuu. Msanii ana ruhusa ya kumsimamisha mtu hapo milele. Mwanahistoria hana, kusimama kwake ni kwa muda na kwa sharti.

Mambo ya Kilwa yanaonyesha jinsi sharti hilo linavyofanya kazi. Kwa hesabu zilizofuata tarihi, mwanzilishi Ali bin al-Hasan aliwekwa katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo mwaka 1974, alimsogeza hadi karibu na mwaka 1200, na kwa muda hilo ndilo wanafunzi walilolisoma. Mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za karne ya 11, na tarehe ikarudi nyuma. Mwezi Machi 2023 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi, vya watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya mwambao, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, ukaonyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Semina iliyokuwa imeandika kwamba Waswahili waliamini asili yao ni Shirazi ililazimika kuirudia sentensi yake. Vinasaba hivyo havisemi lolote juu ya Ali mwenyewe, juu ya nguo zilizokizunguka kisiwa, wala juu ya kisomo kilichoizuia bahari kupwa, na kwa hayo mwanafunzi wa mwaka huu yuko pale pale alipokuwa mwanafunzi wa 1968, na maswali yale yale ya kuwauliza wasimulizi wake.